Muulize Injinia: Watu wa viwanda wanakunywa chai halafu wanapotea

Mwezi huu barua karibu zote zimeuliza kitu kimoja kwa njia tofauti, yaani watu wa vyuo na watu wa viwanda wakutane vipi kwa makongamano, nadhani ni vile msimu wa makongamano umefika na nusu ya mainjinia wa Nairobi wako na beji ya kuning'inia shingoni. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu imenigusa, zile zingine mtanisamehe.

*

Injinia, habari za masiku. Mimi ni mhadhiri wa uhandisi wa mitambo, naishi Kasarani. Nimewekwa kwa kamati ya kuandaa kongamano la usimamizi wa uhandisi hapa Nairobi, na nikapewa ile kazi hakuna mtu alitaka, yaani "kuleta watu wa viwanda". Mwaka jana tulialika arobaini. Wakaja kumi na mmoja, wakapiga picha na mgeni wa heshima, wakanywa chai ya saa nne, na kufika saa sita nilihesabu wawili tu ukumbini, mmoja alikuwa amekuja kuuza jenereta. Mkuu wa kitivo ananiangalia vibaya mpaka leo. Nifanye nini wasipotee tena?
Mhadhiri, Kasarani

Daktari, pole sana, lakini huyo wa jenereta amenichekesha. Ukiangalia vizuri utaona yeye ndiye peke yake alijua kwa nini amekuja.

Ngoja nikwambie vile mambo huonekana ukiwa upande ule mwingine, manake mimi nilikaa kiwandani miaka 14 kabla nianze kufundisha madarasa ya jioni. Barua ya mwaliko inakuja kwa jina la mkurugenzi, mkurugenzi anawaachia watu wa HR, watu wa HR wanakuletea Jumatano jioni ukiwa unavua ovaroli, na kongamano ni kesho yake asubuhi. Unasoma mada: ubunifu, uendelevu, mageuzi ya viwanda, maneno ya kupendeza lakini hata anayekupa hiyo barua hawezi kukwambia yanahusu nini. Unaenda tu. Unatafuta kiti cha nyuma karibu na soketi. Mtu wa kwanza anapanda na slaidi 43, slaidi ya 12 bado anaeleza nani aliandika nini mwaka gani, na simu yako inatetemeka mfukoni, laini ya uzalishaji namba mbili imesimama, sensa inasoma vibaya, fundi wa zamu anataka kujua abadilishe ama angoje. Kati ya hiyo slaidi na hiyo simu wewe mwenyewe ungechagua gani? Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na huyu kamba yake ni ndefu mpaka Industrial Area, ikivutwa tu ameenda.

Sio madharau. Wengi wao walipitia mikononi mwenu hapo chuoni na bado wanawaita "mwalimu". Ni vile mnapimwa na mizani tofauti. Wewe kupanda cheo unahesabiwa machapisho, yeye anaulizwa kila asubuhi kwenye ule mkutano wa kusimama wa dakika kumi: jana mashini ilisimama dakika ngapi? Hakuna siku ataulizwa alisikiliza mawasilisho mangapi. Kwa hivyo hata ukimpikia pilau ya kuku na kuongeza samosa kwa chai, hujagusa shida yake.

Mimi naona kosa liko kwa neno lenyewe, kuwaalika "kuhudhuria". Waalike walete ugonjwa. Miezi mitatu kabla, panda gari nenda Baba Dogo, nenda Enterprise Road, nenda Athi River, na usiende na barua ya MoU, yale makubaliano ya ushirikiano, ya kurasa nane, hizo zimejaa kwa madroo. Usitafute mkurugenzi pia, ukimwalika mkurugenzi atatuma mtu asome hotuba. Tafuta meneja wa matengenezo ama yule wa uzalishaji, muulize swali moja tu: mwezi uliopita ni kitu gani kilikunyima usingizi? Halafu nyamaza. Toa daftari.

Nikupe mfano wangu. Kuna kiwanda nilifanyia kazi, sitakitaja, tulikuwa tunapaki unga pakiti za kilo mbili. Zamu ni masaa nane, dakika 480, toa dakika 30 za mapumziko zinabaki 450. Mashini inatakiwa kupiga pakiti 40 kwa dakika. Siku ya kawaida ilikuwa inasimama jumla dakika 90, kwa hivyo inafanya kazi dakika 360, hiyo ni asilimia 80. Katika hizo dakika 360 ingetoa pakiti 14,400 lakini ilikuwa inatoa 12,000, asilimia 83. Na katika hizo 12,000, pakiti 600 zilikuwa zimepasuka ama uzito umepungua, kwa hivyo nzuri ni 11,400, asilimia 95. Ukiangalia kila namba peke yake unasema aah, si mbaya. Zidisha zote tatu sasa: asilimia 63. Yaani zaidi ya thuluthi ya zamu ilikuwa inaenda na maji na sisi tunasema si mbaya! Hiki ndicho kipimo Wajapani wa TPM, ule mfumo wa matengenezo unaohusisha kila mfanyakazi, waliwafundisha watu wa viwanda, na mwanzilishi wao Seiichi Nakajima aliweka kiwango cha kulenga kuwa asilimia 85, yaani 90 mara 95 mara 99. Sisi tulikuwa na 63 na tunajisifu.

Sasa sikiliza vile tulipata dawa. Nilienda kongamano, nikatoroka kikao kama hao wako, nikapanga laini ya chai. Mbele yangu kulikuwa na profesa mmoja mzee, na mimi kwa uchovu tu nikamwonyesha picha kwa simu, roli ya karatasi ya kupakia imekatika pale kwenye kiungo. Hakunipa pepa. Aliuliza, mnaunganisha roli mpya wapi? Nikasema hapo hapo kando ya mashini. Akauliza, na hapo kuna vumbi la unga? Nikanyamaza. Wiki iliyofuata akaleta mwanafunzi mmoja na saa ya kuhesabu, kijana akakaa kwa kiti cha plastiki siku tatu akiandika kila kusimama, hata kule kwa dakika moja na nusu ambako sisi hatukuwa tunaandika kwa daftari la zamu kwa sababu tulikuwa tumesema chini ya dakika tano si kusimama. Kumbe hivyo vidogo vidogo ndivyo vilikuwa vinatula. Tepu ilikuwa inabandikwa juu ya vumbi la unga, haishiki, roli inakatika, fundi anaunganisha tena juu ya vumbi lile lile. Tukasogeza meza ya kuunganishia mita chache, roli inayofuata ikawa inatayarishwa mapema mashini ikiwa bado inakimbia. Hakuna mashini ilinunuliwa. Wazo hilo si jipya, injinia Mjapani Shigeo Shingo alilifanya Toyota mwaka 1969 na presi ya tani 1,000, kubadilisha dai, ile kalibu ya kukandamiza chuma, ilikuwa inachukua masaa manne, wakashusha hadi saa moja na nusu, halafu dakika tatu, kwa kutenganisha tu kazi inayoweza kufanywa mashini ikikimbia na ile lazima isimame. Mimi nilikuwa nimesoma hiyo kitu kwa kitabu na kupita mtihani. Kuiona kwa laini yangu mwenyewe ikanishinda mpaka mtu wa nje akauliza swali la vumbi.

Ndio maana nakwambia kongamano lako la kweli mwaka jana lilikuwa kwa ile laini ya chai, na mlilitengea nusu saa tu. Mwaka huu geuza. Asubuhi weka mawasilisho machache ya dakika kumi na mbili, aliyezidi zimeni projekta, siongei kwa mzaha. Kisha weka meza. Kila meza iwe na mwenye shida mmoja kutoka kiwandani, wahadhiri wawili wa fani tofauti, mwanafunzi mmoja wa kuandika, na tafadhali fundi mmoja, sio mameneja pekee. Dakika 40. Mwenye shida anaongea tano za kwanza na analeta kitu cha kushika, sampuli, picha, kurasa za daftari la zamu. Robo saa inayofuata ni maswali tu, mtu haruhusiwi kutoa suluhisho, na hapa utapigana na wahadhiri wenzako kwa sababu sisi walimu tukisikia shida tunakimbilia ubao. Kinachobaki ndio mnapanga nani anafanya nini kufikia lini.

Vitu vidogo vidogo ambavyo watu husahau. Usiweke mwisho wa mwezi, hapo kiwanda kinafunga hesabu na kupeleka mizigo. Ijumaa mchana kuna watu wanaenda msikitini, heshimu. Usianze saa mbili kamili ukumbi ukiwa katikati ya mji na mtu anatoka Mlolongo, Mombasa Road mnaijua. Hakikisha kongamano limeidhinishwa ili mainjinia waliosajiliwa na EBK, ile bodi ya mainjinia, wapate zile pointi za CPD, yaani za kuendelea kujifunza, za kuhuisha leseni, hiyo pekee itakuletea watu zaidi ya mabango yote, na sioni aibu kusema hivyo. Na ile sharti ya pepa ya kurasa nane yenye marejeo thelathini, iachieni wasomi. Mtu wa kiwanda mwambie alete kurasa mbili: shida ni nini, tulijaribu nini, nini kilifanya kazi na nini kiligoma. Hicho cha mwisho ndicho kitamu kuliko vyote na hakuna jarida litakuchapishia.

Baada ya kongamano usiandike ripoti kwanza. Piga simu. Siku 30 baadaye piga tena. Kama shida ni ndogo, ipe mwanafunzi wa mwaka wa tano iwe mradi wake wa mwisho, lakini angalia saa zenu hazifanani, semista ina ratiba yake na kiwanda kina siku chache za kufungua mashini ifanyiwe matengenezo makubwa, mara nyingi Desemba ama Pasaka, ukikosa hizo siku umengoja mwaka. Kama shida ni kubwa, Waingereza wana mpango wao walioanza mwaka 1975, siku hizi unaitwa Knowledge Transfer Partnerships, mtu aliyemaliza chuo anakaa ndani ya kampuni mwaka mmoja hadi mitatu akifanya mradi mmoja, mhadhiri anamsimamia, gharama inagawanywa kati ya serikali na kampuni. Hapa kwetu hatuhitaji kungoja serikali itunge jina, anza na kijana mmoja na kiwanda kimoja.

Na mkuu wa kitivo akikuuliza kwa nini una watu wachache kuliko mwaka jana, mwonyeshe wangapi walibaki mpaka saa kumi.

*

Injinia, hivi usimamizi wa uhandisi ni nini hasa? Si ni MBA tu imevaa kofia ngumu?
Msomaji, Umoja

Ha! Una ukweli nusu. MBA itakufundisha kusoma mizania na kuuza. Hii nyingine inaanzia kwa mtu ambaye tayari ni injinia na siku moja anaambiwa, haya, kuanzia Jumatatu wewe ndio bosi wa watu 30, hii hapa bajeti, na hakuna mtu aliwahi kumfundisha bajeti ama watu. Inachanganya kupanga miradi, ubora, matengenezo, uchumi wa uhandisi, hatari, na jinsi ya kumwambia fundi mwenye miaka 55 kwamba amekosea bila kumvunjia heshima (hiyo ya mwisho haina kitabu). Kule Marekani idara ya kwanza ilianzishwa Rolla, Missouri, mwaka 1967, na chama chao, ASEM, kilianza 1979, wana kongamano la kila mwaka ambapo maprofesa na mameneja wanakaa pamoja. Kwa hivyo hiyo hamu ya kuwakutanisha si ya Nairobi peke yake, na hata wao bado wanalalamika upande mmoja unaongea sana.

Kama unataka kusoma, usiende kabla hujafanya kazi miaka mitatu minne. Utakuwa unajibu maswali ambayo bado hujaulizwa.

*

Injinia, shikamoo. Mimi ni fundi wa umeme, nina diploma, niko hii kiwanda miaka 17. Nimealikwa kuongea kwa kongamano na watu wa chuo. Shida ni mbili. Moja, huko kutakuwa na madaktari na maprofesa, mimi Kizungu changu ni cha kiwandani. Pili, bosi ameniruhusu lakini amesema nisitoe siri ya kampuni na hakusema siri ni gani. Nilitaka kuongea juu ya mota moja ya feni inakula beringi kila miezi minne tangu tulipoiwekea draivu ya kubadilisha spidi, kabla ya hapo ilikuwa inakaa miaka. Tumebadilisha grisi mara tatu, tumebadilisha kampuni ya beringi, tumepanga shafti upya. Wapi. Niende ama nisiende?
Fundi, Mukuru

Marahaba fundi, enda! Na uende na beringi.

Sijatania. Chukua ile iliyokufa mwisho, ikate ifunguke, ifunge kwa gazeti, iweke kwa mfuko. Ukisimama usianze na jina la kampuni na historia yake, anza kwa kuitoa na kuipitisha watu waishike. Nakuhakikishia maprofesa watasogea mbele kama watoto. Na kabla hujaenda angalia ile njia ambayo vigololi vinapita, kama ina mistari mistari iliyopangana kama mikunjo ya bati ama ubao wa kufulia, basi nina wasiwasi shida yako si grisi. Draivu ikikata umeme kwa kasi inaacha volteji kwa shafti, hiyo volteji inatafuta njia ya kwenda ardhini, na njia rahisi inapita katikati ya beringi, kila mara inaruka cheche ndogo sana inayochoma chuma. Utabadilisha grisi mpaka Yesu arudi. Dawa zake zinajulikana, pete ya kutoa umeme kwa shafti, beringi yenye insulesheni upande mmoja, na kebo yenye ngao iliyounganishwa ardhi sawasawa pande zote. Lakini mimi nabahatisha nikiwa kwa meza, sijaiona. Pale ukumbini kutakuwa na mtu wa mitambo ya umeme ambaye amekuwa akifundisha hiki kitu na huenda hajawahi kushika beringi iliyokufa hivi. Wewe ndio utamfundisha.

Kizungu kisikusumbue. Ongea Kiswahili, changanya, wote hao wamekulia hapa hapa. Miaka 17 ni ndefu kuliko digrii tatu zikifuatana.

Siri sasa. Bosi wako naye hajui siri ni gani, mabosi wengi hawajui, ndio maana wanakataza yote. Kwa maoni yangu siri ni hizi: mchanganyiko wa bidhaa, bei mnauziwa malighafi, wateja wenu, na mnazalisha kiasi gani. Mota inayokula beringi si siri, kila kiwanda iko nayo. Usitaje bidhaa, sema "feni ya kukausha" ama hata "feni" tu. Kama lazima uonyeshe hasara, usiweke shilingi, chukua mwezi wa kwanza uuite 100 na miezi mingine uilinganishe nao, watu wataona inapanda ama inashuka bila kujua ni pesa ngapi. Mpelekee bosi slaidi zako, zisizidi sita, mwambie atie sahihi kila ukurasa. Akishatia sahihi hawezi kukuruka. Na mtu wa chuo akitaka kuja kiwandani kupima, hapo ndipo mkataba wa kutunza siri unaandikwa, kurasa mbili zinatosha, waachie wakubwa.

*

Anti Injinia, niko mwaka wa tano, uhandisi. Mradi wangu ni kifaa cha bei ya chini cha kupima mtetemo wa mota, kinatuma data kwa simu. Kuna kongamano na kiingilio cha mwanafunzi ni 3,000, hiyo ni pesa ya chakula ya wiki mbili. Prof anasema niende. Rafiki zangu wanasema nikionyesha kifaa nitaibiwa. Na hata nikienda sijui naongea na nani, mimi ni mtu wa kunyamaza.
Mwanafunzi, Ngara

Mtoto wangu, usilipe. Andikia kamati leo uwaambie utajitolea kwa meza ya usajili, kila kamati inakosa watu wa kugawa beji. Utaingia bure, utakula chakula cha mchana, na kufikia saa tatu asubuhi utakuwa unajua jina na kampuni ya kila mtu aliyeingia, hata Prof wako hatakuwa na hiyo orodha. Kwa mtu wa kunyamaza hiyo ndio kazi nzuri kabisa, manake wao ndio wanakuja kwako.

Kuibiwa. Tuongee ukweli, wazo la kupima mtetemo wa mota ni la zamani, hilo hakuna anayeiba. Kama kuna kitu kipya kiko ndani, labda vile umepunguza bei ama vile programu yako inatambua shida, basi kabla hujakionyesha hadharani pitia KIPI, taasisi ya serikali inayosajili uvumbuzi, wako South C. Uliza kuhusu hataza (patent) na pia uliza kuhusu ile cheti ya modeli ya matumizi (utility model), hiyo ni ya maboresho madogo madogo na masharti yake ni mepesi, inakulinda miaka 10 wakati hataza ni 20. Ukishasimama mbele ya watu na kueleza kila kitu unaweza kupoteza ule upya ambao sheria inaulinda. Kwa hivyo onyesha kifaa kikifanya kazi, usionyeshe ndani. Mtu akiuliza sana mwambie, hiyo tutaongea baadaye, na uchukue namba yake.

Lakini nikuulize, hofu yako kubwa ni kuibiwa ama ni kwamba kifaa hakijawahi kukaa kwa mota ya kweli? Manake mradi mwingi wa wanafunzi ninaousimamia umepimwa kwa ile mota ndogo ya maabara, safi, haina vumbi, haina mafuta, hakuna mtu anaipiga teke. Mwaka 1906 huko Cincinnati, Marekani, kulikuwa na mwalimu anaitwa Herman Schneider, alichoka kuona wanafunzi wanajua hesabu na hawajui kiwanda, akachukua 27 akawagawa, wakawa wanabadilishana, muda darasani, muda kiwandani, kwa zamu mwaka mzima. Watu walimcheka. Siku hizi vyuo vingi duniani vinafanya hivyo. Sisi tuna atachimenti, yale mafunzo ya kazini, na unajua vile huenda, wiki nane za kutengeneza chai na kupiga fotokopi, halafu daftari inajazwa usiku wa mwisho. Kwa hivyo usingoje atachimenti ikutafutie mota.

Na hapa nyumbani pia kuna hadithi ambayo nafundishia kila mwaka. Mwaka 1986 Rais Moi aliambia Chuo Kikuu cha Nairobi watengeneze gari, na kufikia 1990 Nyayo Pioneer ilikuwa inakimbia barabarani, kilomita 120 kwa saa. Watu hucheka hilo gari, mimi sicheki. Wasomi na mafundi walishika chuma kimoja pamoja na kikatembea. Kilichokosekana ni pesa na kiwanda cha kulizalisha kwa wingi, na lile shirika lililoundwa kutengeneza magari hayo likageuka kuwa Numerical Machining Complex la kuchonga vipuri. Yaani kutengeneza kimoja kikatembea, hiyo chuo kinaweza. Kutengeneza elfu moja kwa bei mtu anaweza kulipa, hapo ndio lazima mtu wa kiwanda awe alikuwa chumbani tangu siku ya kwanza. Kifaa chako pia kiko hapo hapo.

Sasa soma tena barua iliyo juu ya yako, ya fundi wa Mukuru na feni yake. Yeye ana mota inayokufa kila miezi minne, wewe una kifaa kinachotafuta mota. Nimeuliza ofisi ya gazeti, mkikubali nyote wawili watawapatia namba. Mnunulie chai, na usimwite "mzee", mwite fundi.

*

Injinia, swali fupi. Kwa nini kila kongamano Nairobi mgeni wa heshima anachelewa masaa mawili na programu yote inasimama kumngoja?
Aliyechoka, South B

Kwa sababu mnamngoja. Muwekeni saa saba kasoro, kabla ya chakula. Akija amekuja, asipokuja watu wanakula.